"Ndio Mzee": Nimeusikiliza Jana kwa Mara ya Kwanza, na Sasa Nina Kadi ya Mpiga Kura

Jamani, wimbo huu mlikuwa mmeuficha wapi?

Jana Alhamisi, tarehe 20 Machi 2025, niliusikiliza "Ndio Mzee" wa Professor Jay kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mpaka sasa nimeshausikiliza mara kumi na moja. Naandika haya nyumbani Bunju, alfajiri ya Ijumaa, waliofunga wakiwa ndiyo kwanza wamemaliza daku, na mimi usingizi umenipaa kwa ajili ya ngoma iliyotoka mwaka 2001. Mwaka niliozaliwa! Miaka 24 tumeishi mji mmoja, mimi na wimbo huu, tunapishana kwenye daladala, vinyozini na kwenye vibanda vya chipsi, na sikuwahi kusimama nikausikiliza. Jina nililijua, kama mtu anavyolijua jina la babu aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa. Sauti ya babu ndiyo sikuwahi kuisikia.

Sasa nimeisikia, na nakuambia wewe wa rika langu bila kupepesa macho: hakuna wimbo wa hip-hop wa Kiswahili ulionisogeza kwenye meza ya kujiandikishia kama huu. Matangazo ya redioni nimeyasikia, mabango nimeyasoma, meseji zimeingia kwenye simu nikazifuta. Wimbo huu ndio ulionipata. Na ajabu yake ni kwamba haukunituma popote. Ulinisimamisha mahali nikajiona mimi mwenyewe, nimo katikati ya umati, naitikia.

Waya mmoja, masikio mawili

Wiki hiyo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa inaboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura katika mkoa wa Dar es Salaam, kuanzia Machi 17 hadi 23, 2025. Kazi hiyo ilizinduliwa Kigoma mwezi Julai 2024, ikawa inazunguka nchi mkoa baada ya mkoa hadi ikatufikia sisi. Mimi sikuwa na mpango nayo. Mwaka 2020 nilikuwa na miaka 19, umri unaruhusu, na sikujiandikisha. Jana nilifika kituoni kwa sababu moja tu: Baba mdogo, anayeendesha bodaboda hapa Bunju B, aliniomba nimsindikize kurekebisha taarifa zake. Amehamia huku kutoka Temeke na kadi yake bado ilikuwa inasomeka kituo cha huko.

Foleni ilikuwa ndefu, imepinda kufuata kivuli cha mwarobaini. Mawingu ya masika yamejikusanya upande wa baharini lakini jua halijaachia. Wengi walikuwa na mfungo wa Ramadhani, wengine wako kwenye Kwaresima, na kwa heshima ya wenzao hakuna aliyetafuna karanga wala kufungulia muziki. Malori ya saruji kutoka Wazo yanapita barabara ya Bagamoyo, vumbi linatufuata mpaka ndani ya uwanja. Nikaanza kunung'unika.

"Baba mdogo, hata tukipiga kura si yatakuwa yaleyale?"

Hakunijibu. Alitoa simu mfukoni, akachomeka visikilizio, kimoja akaweka sikioni mwake, kingine akanipa mimi.

"Umewahi kuusikiliza huu, mwanangu? Kuusikiliza, siyo kuusikia."

Nikataka kujieleza. Akainua kidole: tulia kwanza.

Kinachotokea humo ndani

Kwanza, Jay hayupo! Hilo ndilo lililonipiga kabla ya kitu kingine chochote. Nimekulia kwenye rap ambayo mchanaji anajitaja yeye: mimi hivi, mimi vile, mtaa wangu, shida zangu. Hata nyimbo za kuwasema wakubwa huwa na msemaji mwema anayetusemea sisi wanyonge. Humu huyo mwema hayumo. Aliyeshika kipaza sauti ni mgombea. Yuko jukwaani anaomba kuchaguliwa, na Jay amejivika ngozi yake mzima mzima: mikogo yake, majivuno yake, na ile sauti ya mtu aliyeshiba anapozungumza na wenye njaa.

Anaahidi. Anaanza na ahadi ambazo ungeweza kuzisikia kwenye mkutano wowote wa kampeni: umaskini utaondoka. Kisha ngazi inaanza kupanda. Hospitalini zitakuwepo dawa za kumwaga. Yatakuja mabomba, na humo hayatatoka maji peke yake, yatatoka na maziwa pia. Wanafunzi, hawa hawa ambao shule nyingi hazina hata maabara, watapelekwa mwezini kufanya masomo yao ya vitendo. Mwezini, ndugu zangu! Na ahadi zinapotua, umati unajibu kwa maneno mawili yaliyoupa wimbo jina lake. Hautetereki. Hauulizi nauli ya mwezini atalipa nani. Sauti ni ile ile na nguvu ni ile ile, kwa ahadi ya kwanza yenye akili na kwa ahadi ya mwisho isiyo nayo.

Hapo ndipo nilipogundua kitu kilichoninyima usingizi. Kichwa changu kilikuwa kinatikisika.

P-Funk Majani, aliyeupika mdundo huo katika studio yake ya Bongo Records, ametega mtego na mimi nimeingia kwa miguu yangu. Mdundo unatembea, unaivuta shingo, na shingo ya binadamu ikikutana na mdundo wa hip-hop hufanya jambo moja: kichwa kinashuka na kupanda, kinashuka na kupanda. Sasa jiulize, kwetu mtu akishusha na kupandisha kichwa anasema nini? Anasema ndio! Mgombea anaahidi maziwa ya bomba, na mimi niliyetoka kusema hivi punde kwamba kura haina maana, nimesimama kwenye foleni namkubalia kwa shingo. Nikamtazama Baba mdogo. Na chake kilikuwa kinakwenda vilevile. Dada mmoja mbele yetu aligeuka akatutazama: watu wazima wawili tumeunganishwa kwa waya mmoja, tunamwitikia mtu asiyekuwepo.

Nimesikiliza mara kumi na moja na bado sijaweza kukizuia kichwa. Nimejaribu. Ukishindwa na wewe utanielewa.

Fumbo mfumbie mjinga

Wazee wetu walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Jay amechukua kanuni hiyo ya malenga akaipeleka kwenye rap, na ameitumia kwa kiwango ambacho bado nakishangaa. Mgombea hatukanwi. Anaachwa aongee tu, aongee mpaka akili ya msikilizaji ianze kuwasha. Kazi ya kumhukumu unakabidhiwa wewe. Ndiyo maana inauma zaidi kuliko matusi: tusi unaweza kulikataa, lakini hukumu uliyoitoa mwenyewe utaikataaje?

Tazama pia wakati ulipotoka. Oktoba 2000 nchi ilikuwa imefanya uchaguzi mkuu wa pili tangu vyama vingi virudi, na Rais Benjamin Mkapa akaingia kipindi chake cha pili. Ahadi za majukwaani zilikuwa bado za moto masikioni mwa watu. Jay, jina lake Joseph Haule, alikuwa ametoka kuutikisa mji akiwa na Hard Blasters, kundi lililotupa "Chemsha Bongo", na sasa alikuwa anasimama peke yake na albamu ya "Machozi, Jasho na Damu". Angeweza kuanza safari yake kwa wimbo wa mapenzi au wa kujisifu, na hakuna ambaye angemlaumu. Akachagua mkutano wa kampeni.

Na Kiswahili chake! Mistari imenyooka. Bibi yangu anaielewa, mtoto wa darasa la tano anaielewa, na kondakta wa daladala anaielewa huku anapokea nauli. Vina vinaanguka mahali pake bila kulazimishwa, na sentensi zina mwendo wa hotuba halisi, ule mwendo wa mzungumzaji anayesimama kidogo kusubiri makofi. Hakuna neno lililowekwa ili tujue kwamba mtunzi ni msomi. Uprofesa wake uko kwenye kujua jinsi viongozi wetu wanavyozungumza.

Kiitikio ni sisi

Watu wengi wanasema huu ni wimbo wa wanasiasa waongo. Nimeusikiliza na sikubaliani nao. Mwongo yumo, kweli, lakini mhusika muhimu kuliko wote ndani ya wimbo huu ni ule umati. Uondoe umati, mgombea anabaki mwendawazimu anayeongea peke yake juu ya jukwaa. Ni kiitikio kinachomfanya awe mzee.

Na kuitikia tumefundishwa tangu wadogo. Paukwa! Pakawa! Tunaitikia kabla hatujajua hadithi itakuwa ya sungura au ya fisi. Shule ya msingi niliyosoma huku huku Bunju, mwalimu akimaliza hesabu za sehemu ubaoni aliuliza, "Mmeelewa?" na sisi darasa zima, watoto tuliobanana wanne kwenye dawati moja, tukapaza sauti: "Ndiyoooo, mwalimu!" Sehemu nilikuja kuzielewa sekondari. Lakini kwenye ile sauti ya darasa, sauti yangu ilikuwamo, na ilikuwa ya juu.

Nchi nayo ilipita huko. Tangu 1965 hadi 1990, wakati wa chama kimoja, karatasi ya kumchagua rais ilikuwa na jina la mgombea mmoja, na mpiga kura aliulizwa ndiyo au hapana. Vyama vingi vilirudi 1992, uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika 1995. Jay alipoandika wimbo wake, Mtanzania wa kawaida alikuwa amezoea ndiyo kwa miaka mingi kuliko alivyozoea kuchagua. Ukilijua hilo, maneno yale mawili ya umati hayabaki kuwa kichekesho. Yanakuwa historia yetu imefupishwa ikaingia kwenye kiitikio.

Lakini ngoja, mimi ambaye 2020 sikwenda kabisa, nimo wapi humo? Nilijiona niko nje ya umati, kijana mwerevu asiyedanganyika. Baba mdogo alilivunja hilo kwa sentensi moja pale foleni ilipokuwa inasogea. "Binti akinyamaza siku ya posa," akasema, "wazee wanasemaje?" Wanasema amekubali. Basi. Mwaka 2010 waliokuwa kwenye daftari walizidi milioni 20, waliopiga kura walikuwa takriban milioni 8.6, chini ya nusu. Mwaka 2015 walijitokeza asilimia 67 ya walioandikishwa. Mwaka 2020 wakashuka hadi karibu asilimia 51: walioandikishwa milioni 29.7, waliopiga kura milioni 15. Na hapo hatujahesabu kina mimi ambao hata kwenye daftari hatukuwamo. Ule unyamavu wote umeingia kwenye kiitikio. Ukiusikiliza wimbo kwa makini na hesabu hizo kichwani, sauti ya umati inazidi kuwa kubwa.

Na ahadi za maji! Sisi wa Bunju hatuhitaji kutafsiriwa hilo. Bomba kubwa kutoka mtambo wa Ruvu Chini, mtambo unaozalisha hadi lita milioni 270 kwa siku, linapita upande wetu huu kuelekea mjini. Nimekua nalijua bomba hilo, na nimekua nabeba ndoo. Kila kampeni ya utoto wangu ilikuwa na mtu wa kutuahidi maji juu ya gari la spika, na watoto tulilikimbilia gari tukishangilia kwa sababu lilikuwa na muziki. Jana, na kisikilizio sikioni, nilijisikia mle ndani. Mimi ni mmoja wa sauti zile.

Ukoo wa wimbo huu

Nilipofika nyumbani nikaanza kuchimba, na kila nilipogusa pakatoka kitu. Jay mwenyewe aliujibu wimbo wake kwa mwingine, "Siyo Mzee", ambamo wananchi sasa wanakataa. Zisikilize zote mbili zikifuatana, tafadhali! Wa kwanza unakutia aibu, wa pili unakunyoosha mgongo.

Kisha yakaja ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuyaandika. Mwaka 2010 Sugu, Joseph Mbilinyi, mmoja wa waasisi wa rap ya Kiswahili, akachaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2015 akarudi tena, na safari hiyo akaungana na Professor Jay, mbunge mpya wa Mikumi. Aliyeigiza mgombea studioni akapanda jukwaa la kweli, akaomba kura za kweli, mbele ya watu ambao walikuwa wanaukariri wimbo wake. Sijui kama kuna mgombea mwingine nchini aliyewahi kupimwa kwa mizani aliyoitengeneza mwenyewe kiasi hicho. Alikaa bungeni hadi 2020.

Kuchana ukweli hakujawahi kuwa kazi laini. Mchanaji Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro, Machi 26, 2017, kwa ajili ya wimbo wa "Wapo". Siku iliyofuata Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameelekeza aachiwe na wimbo upigwe. Kukamatwa jana, kuruhusiwa leo: mistari michache ya kijana wa Manzese ilizungumzwa mpaka Ikulu. Nani kasema nyimbo ni maneno tu?

Majirani nao wana yao. Mwaka 2002 kundi la Gidi Gidi Maji Maji la Kenya waliitoa "Unbwogable", ikawa wimbo wa kampeni ya NARC, muungano wa upinzani, na Desemba 27 mwaka huo Wakenya wakakiondoa chama cha KANU kilichokuwa madarakani tangu uhuru. Desemba 2019 mchanaji wao King Kaka akaja na "Wajinga Nyinyi", na yeye hakuzunguka mbuyu: aliwageukia wapiga kura wenyewe, jina la wimbo likawa ndilo shtaka. Nauheshimu sana wimbo ule. Ila ukiniweka katikati ya hizo mbili, wake na "Ndio Mzee", nitakwambia King Kaka ananikaripia, Jay ananiacha nijikaripie. Karipio la pili linadumu.

Na Senegal, wacha niseme hili kwa herufi za moyoni. Januari 2011 wachanaji wa kundi la Keur Gui pamoja na wenzao waandishi wa habari walianzisha Dakar vuguvugu la Y'en a Marre, maana yake tumechoka. Mbali na maandamano, walipita mitaani kuhimiza vijana wajiandikishe, na kampeni hiyo wakaipa jina la Kiwolof, Daas Fanaanal: kunoa silaha kabla ya kulala. Silaha yenyewe ilikuwa kadi ya mpiga kura. Machi 2012 Rais Abdoulaye Wade aliyetaka muhula wa tatu akashindwa kwa kura. Kunoa kabla ya kulala! Hapa Dar es Salaam, wiki ile ya Machi 2025 ndiyo ilikuwa wiki ya kunoa.

Panapopungua

Naupenda wimbo huu, na ndiyo maana nitasema pale unaponiacha. Unakuonyesha ugonjwa kwa ufundi wa hali ya juu, lakini dawa haukupi. Mtu akiusikia huu peke yake, bila "Siyo Mzee", anaweza kucheka, akasema wanasiasa wote ni hao hao, akabaki nyumbani. Na akibaki nyumbani, mgombea wa mwezini ameshinda. Pia mkutano wa Jay ni wa mwaka 2001: jukwaa, vumbi, kipaza sauti. Leo ahadi zinatufikia kwenye simu tukiwa tumelala, na kuitikia kwenyewe ni kugusa kioo kwa kidole. Natamani mchanaji wa kizazi changu atuandikie mkutano wa aina hiyo. Nafasi iko wazi, tunasubiri.

Wapo watakaoniambia kadi yenyewe haina kazi. Chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, kilitangaza msimamo kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi, kikidai sheria na mfumo virekebishwe kwanza. Hoja hiyo siidharau hata kidogo. Mtu anayedai mchezo uwe wa haki anauheshimu mchezo. Ila najibu hivi: kadi haikulazimishi kusema ndio. Ukiwa nayo unaweza kusema ndiyo, unaweza kusema hapana, unaweza kugoma, na kugoma kwako kukahesabika. Asiye na kadi hana hata cha kugoma nacho.

Dole gumba

Tulipofika mezani Baba mdogo alimaliza haraka. Mwandishi wa daftari akainua macho. "Na wewe, kaka?"

Nilikuwa bado na kisikilizio sikioni, wimbo umekwisha, kimya tu. Nikasema, "Na mimi."

Wakajaza fomu yangu. Nikakaa mbele ya kitambaa wakanipiga picha. Mwendesha mashine ya BVR, ile ya kuchukua alama za vidole, akaniambia niweke vidole kwenye kile kioo kidogo. Dole gumba la kulia likakataa. Vumbi la Bagamoyo Road lilikuwa limeingia kwenye mistari ya ngozi. Nikalifuta kwenye suruali, nikalirudisha, nikalikandamiza. Likakubali. Nikatia saini. Kadi ikatoka hapo hapo, bado ina joto la mashine, na juu yake ni mimi nimekaza uso kama mtu anayekwenda vitani. Baba mdogo aliishika, akalisoma jina langu lote kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

Nimeiweka juu ya meza ninapoandikia. Wimbo unacheza kwa mara ya kumi na mbili. Kichwa kinatikisika, lakini sasa najua ninachokifanya.

Hukumu yangu ni hii: "Ndio Mzee" ni kazi kubwa kuliko sifa zake, na sifa zake ni kubwa. Usikilize leo kwa visikilizio, mwanzo hadi mwisho, usifanye kazi nyingine. Kisha sikiliza "Siyo Mzee". Kisha vaa viatu.

Vituo vilikuwa wazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na mwisho ulikuwa Jumapili, tarehe 23 Machi 2025. Waliokuwa na miaka 18, au ambao wangeitimiza kabla ya siku ya uchaguzi mwezi Oktoba 2025, walistahili kuandikishwa. Ukiwa umehama, nenda urekebishe taarifa zako daftari litakapoboreshwa tena. Mwaka huo, mwenye kadi ya zamani ambaye hakuwa amehama, kadi yake ilikuwa bado ni halali. Na kama Oktoba 2024 ulijiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, elewa kwamba ile ilikuwa orodha nyingine. Daftari la Kudumu ni jambo jingine, na kama hujawahi kuandikishwa humo, jina lako halimo. Chukua na mwenzako mmoja anayesema yatakuwa yaleyale. Mpe kisikilizio kimoja mkiwa kwenye foleni, na umwache asikilize.